Kemia ya dukani: somo wanalolihitaji hata wasiosoma sayansi

KANZU nyeupe ikidondokewa na mchuzi wenye manjano, kinachofuata karibu kila nyumba kinajulikana. Mama huikimbilia sabuni. Akisugua mara mbili tatu, doa lililokuwa la njano hugeuka jekundu mithili ya damu. Hapo ndipo lawama zinapoanza: wengine husema sabuni ni mbovu, wengine husema nguo ndiyo imekwisha.

Ukweli ni kwamba hakuna kilichoharibika. Ndani ya manjano mna rangi iitwayo kakumini. Rangi hiyo ikiwa kwenye maji matupu au maji ya limau hubaki njano, lakini ikikutana na kitu chenye alkali, kama sabuni au magadi, hugeuka nyekundu. Likamulie limau doa hilo, utaliona linarudi kuwa njano. Kisha ifue nguo na uianike kwenye jua kali, kwa sababu kakumini haivumilii mwanga na doa litafifia siku hadi siku.

Ndugu msomaji, hayo uliyoyasoma hivi sasa ni kemia. Hayakuhitaji maabara, koti jeupe wala kukariri jedwali la elementi. Yamehitaji kanzu, sabuni na limau. Lengo la makala haya ni kueleza kwa nini kemia ya aina hii inapaswa kufundishwa kwa vijana wetu walioko vyuoni ambao hawasomi sayansi, na namna inavyoweza kufundishwa bila gharama kubwa.

Kwa nini wasiosoma sayansi?

Kijana aliyechagua masomo ya sanaa au biashara huagana na kemia akiwa bado sekondari. Baadaye huingia chuoni kusomea ualimu wa lugha, sheria, uhasibu, utawala au masomo ya dini, na hakuna tena mtu wa kumweleza lolote juu ya vitu anavyovinunua.

Lakini huyo huyo ndiye msomi wa nyumbani. Akirudi likizo, mama humwita na kumwambia: "Hebu nisomee maandishi ya chupa hii." Shangazi humuuliza kama krimu aliyoletewa ni salama. Akioa au kuolewa, yeye ndiye atakayeamua dawa gani ya choo iingie nyumbani na iwekwe wapi. Akiwa mwalimu, watoto wa watu watamsikiliza. Ikiwa hajui kusoma kibandiko cha chupa, basi nyumba nzima haijui.

Na madhara ya kutojua si doa la kanzu peke yake. Kuna watoto wanaomeza mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Kuna watu wanaokosa pumzi chooni kwa kuchanganya dawa mbili za kusafishia. Kuna mabibi harusi wanaoamka siku ya walima mikono imevimba malengelenge. Mambo haya yote yana maelezo ya kikemia, na yote yanaweza kuepukwa.

Wenzetu walianzaje?

Wazo la kufundisha kemia kwa kutumia vitu vya nyumbani si geni. Mjini London, Uingereza, mwanasayansi Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanzia maisha kwenye kazi ya kujalidi vitabu, alitoa mihadhara maarufu kwa vijana katika taasisi ya Royal Institution. Mwaka 1848, na tena mwishoni mwa mwaka 1860, mada yake ilikuwa mshumaa. Kwa mshumaa mmoja alieleza moto, hewa, maji na hata pumzi ya mwanadamu.

Nchini Marekani, vyuo vingi humtaka kila mwanafunzi wa shahada, hata wa historia au muziki, asome walau somo moja la sayansi. Walimu waligundua kuwa kumpa mwanafunzi kama huyo kemia ile ile ya mtu anayejiandaa kuwa daktari ni kumkimbiza. Hivyo mwaka 1972 John W. Hill alitoa kitabu cha kiada, Chemistry for Changing Times, kilichoandikwa kwa ajili ya wasiosomea sayansi. Katika miaka ya 1990 chama cha wanakemia wa nchi hiyo kikatoa kitabu kingine, Chemistry in Context, kinachoanzia kwenye hewa tunayovuta na maji tunayokunywa, kisha ndipo kinapoingiza nadharia inayohitajika kuvieleza.

Siri ya njia hiyo ni mpangilio. Somo la kawaida huanza na atomu na huahidi kwamba ipo siku tutafika kwenye sabuni. Somo hili huanza na sabuni, na atomu huitwa pale tu inapohitajika.

Njia hiyo inatufaa na sisi, kwani vifaa vyake vimo jikoni, bafuni na dukani kwa jirani. Mwalimu akitaka kuianza, amwambie kila mwanafunzi aje na kopo, chupa au pakiti tupu kutoka kwao. Kisha kila kitu kiulizwe maswali matatu: Ndani mna nini? Kiasi gani? Kikikutana na nini kitageuka? Mifano ifuatayo inaonyesha maswali hayo yanavyofanya kazi.

Somo la kwanza: tindikali na alkali

Neno alkali asili yake ni Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea fulani ya maeneo ya chumvi. Watu wa Sham walichanganya alkali ya majivu hayo na mafuta ya zeituni wakapata sabuni, na miji ya Nablus na Halab ina sifa ya sabuni hiyo hadi leo. Kinyume cha alkali ni tindikali, ambayo tunaikuta kwenye limau, ukwaju, siki na maji ya betri.

Kuzitambua, chemsha maua ya choya, yale yatumikayo kutengenezea sharubati nyekundu. Gawa maji yake kwenye bilauri nne. Ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili tia limau: itazidi wekundu. Ya tatu tia maji ya sabuni, na ya nne tia magadi: rangi itahama kwenda zambarau, samawati au kijani. Kwa gharama ndogo sana darasa zima limepata kipimo cha tindikali na alkali.

Hapo mwalimu anaweza kutaja kipimo cha pH, alichokianzisha mwanakemia wa Denmark, Sørensen, mwaka 1909. Namba 7 ni katikati, kama maji safi. Chini ya 7 ni tindikali na juu yake ni alkali. Limau liko karibu na 2, na sabuni ya mche huwa karibu na 10. Kila hatua moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Ndiyo maana kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni, yenye pH inayokaribia 14, si "sabuni kali kidogo" tu. Ni kitu kinachoyeyusha ngozi na koo la mtoto. Haifai kukaa kwenye kikombe wala chupa ya maji hata kwa dakika moja.

Somo la pili: kisima na sabuni

Wakazi wa Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa na sehemu nyingi za mwambao wanajua kuwa kuna visima ambavyo sabuni haitoi povu. Unasugua mche mpaka unakwisha, na kwenye beseni unabaki utando mweupe.

Sababu ni mawe. Ardhi ya mwambao ina mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa ya asili. Maji yakipita humo hubeba kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na sabuni hushikana nayo na kufanya ule utando usioyeyuka, na sabuni iliyoshikwa namna hiyo haisafishi tena. Kwa hiyo sehemu ya sabuni unayonunua inaishia kupambana na maji, si na uchafu.

Mwanafunzi alijaribu mwenyewe. Achukue chupa mbili zinazofanana, moja yenye maji ya mvua na nyingine maji ya kisima. Atie vipande vya sabuni vilivyo sawa, atikise na kupima povu kwa rula. Kisha kwenye chupa ya kisima aongeze magadi kidogo na sabuni nyingine, atikise tena. Povu litaongezeka, kwa kuwa magadi yameikamata kalsiamu kabla sabuni haijaifikia. Sabuni za unga nazo zimetengenezwa ili zisishindwe na kalsiamu kirahisi. Familia inayokinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia inaokoa pesa, na sasa inajua sababu.

Somo la tatu: kipimo

Tangu karne ya 16, tabibu Paracelsus aliwafundisha watu kuwa kinachotofautisha dawa na sumu ni kipimo. Hakuna mfano mzuri kuliko maji ya klorini ya kufulia, ambayo wengi wetu huyaita jiki hata kama kampuni ni nyingine.

Kwenye kibandiko chake huandikwa jina sodiamu haipokloraiti na asilimia, mathalani 3.5 au 5. Namba hiyo ndiyo bei halisi ya ulichonunua. Miongozo ya afya hutaka asilimia 0.1 kwa kuua vijidudu kwenye meza, vitasa na sakafu, na asilimia 0.5 pale palipomwagika damu au matapishi ya mgonjwa. Hesabu ni rahisi: gawanya nguvu iliyoandikwa kwa nguvu unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ndilo idadi ya vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha jiki.

Chukua jiki ya asilimia 3.5. Kupata 0.5, 3.5 ukigawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1, inabaki 6. Basi kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Kupata 0.1, ni kikombe kimoja kwa vikombe thelathini na vinne. Jiki ya asilimia 5 itatoa majibu mengine, na ndiyo maana kusema "tia kifuniko kimoja" bila kusoma kibandiko ni kubahatisha.

Mambo mawili yaongezwe hapo. Kwanza, osha uchafu kwa sabuni kabla ya kutia klorini, kwani klorini huishia kwenye uchafu na vijidudu hubaki. Pili, jiki huchakaa. Joto na mwanga huimaliza nguvu, hivyo chupa iliyokaa miezi mingi juu ya bati la choo haina tena nguvu iliyoandikwa. Iliyochanganywa na maji itengenezwe upya kila siku.

Somo la nne: usichanganye

Watu wengi hudhani dawa mbili zikichanganywa nguvu huwa maradufu. Mtu anamwaga dawa ya choo, anaona madoa hayatoki, anaongeza jiki juu yake. Dawa nyingi za kuondoa madoa ya choo ni tindikali, aghalabu ya haidrokloriki. Tindikali ikikutana na jiki huitoa klorini ikiwa gesi, rangi yake kijani cha manjano, harufu yake kali ya kuchoma pua.

Gesi hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, mahali hasa alipochutama mtu anayesugua choo. Choo chetu cha kawaida ni kidogo na dirisha lake ni dogo zaidi. Jiki ikichanganywa na dawa zenye amonia nayo hutoa gesi nyingine zinazodhuru mapafu.

Kanuni ni moja: jiki haichanganywi na chochote isipokuwa maji. Kama umetumia dawa ya choo, mwaga maji mengi, subiri, na jiki iache kwa siku nyingine. Likitokea la kutokea, toka nje upate hewa, acha mlango wazi, usirudi kuokoa ndoo. Anayebanwa kifua apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kuleta matatizo baada ya saa kadhaa.

Na kwa aliyemeza mafuta ya taa, kostiki soda au dawa ya choo, asitapishwe. Kinapopanda juu huunguza koo mara ya pili au huingia mapafuni. Awahishwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari asome kilichomo.

Somo la tano: piko, wanja na krimu

Hili ni somo ambalo wanafunzi wa kike na wa kiume hawatasinzia, maana linagusa harusi, sikukuu na watoto wachanga.

Hina ya majani ni ya kijani ikiwa unga, na rangi yake mwilini ni ya machungwa inayokolea kuwa kahawia. Huhitaji saa kadhaa kushika. Hakuna hina ya asili inayotoa weusi wa mkaa ndani ya saa moja. Piko nyeusi inayofanya hivyo mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Huko Ulaya sheria inairuhusu kwenye rangi ya nywele peke yake, isiyozidi asilimia 2 inapopakwa, na Marekani haijaruhusu ipakwe juu ya ngozi. Ikipakwa kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu, na mwili uliokwisha kuikataa mara moja huweza kuikataa maisha yote. Ikimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo. Isikae karibu na watoto.

Wanja nao una swali lake. Wanja wa manga uliopimwa katika nchi mbalimbali umekutwa mara nyingi ukiwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye huathirika zaidi, kwani risasi hudhoofisha ubongo unaokua. Mtoto mchanga akipakwa jicho, hulisugua kwa mkono, na mkono huingia mdomoni. Kabla ya kuununua, uliza umetengenezwa na nini. Asiyejua kilichomo asikuuzie kitu cha kutia jichoni.

Ama krimu za kung'arisha ngozi, baadhi zina zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya mwilini na kudhuru figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kiwango hicho. Kwenye kibandiko angalia maneno mercury, calomel au herufi Hg. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo iachwe dukani. Kwa Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na huko ndiko pa kupeleka taarifa za bidhaa ya mashaka.

Tahadhari pia na matangazo ya "haina kemikali" na "ni ya asili tupu". Maji yenyewe ni kemikali, na risasi na zebaki ni vitu vya asili vinavyochimbwa ardhini. Asili peke yake si cheti cha usalama.

Mtihani uweje?

Somo kama hili lisipimwe kwa kukariri. Mwanafunzi apewe chupa ambayo hajawahi kuiona, aisome, kisha aeleze kwa Kiswahili chepesi kwa muda wa dakika tatu: ndani mna nini, kiasi gani, na isikutane na nini. Azungumze kana kwamba anamweleza bibi yake. Ambaye bibi hawezi kumwelewa, bado hajaelewa mwenyewe.

Wakuu wa vyuo, walimu na wanafunzi wenyewe kupitia jumuiya zao wanaweza kulianzisha hata kwa saa mbili kila wiki, kwa wiki tano. Madarasa ya akina mama baada ya sala ya alasiri nayo yanafaa kabisa, kwa sababu vifaa tayari wanavyo majumbani.

Na wewe, ndugu msomaji, huna haja ya kusubiri chuo. Leo hii pita jikoni, bafuni na chini ya kitanda. Kila chupa isiyo na jina ipewe jina, au itupwe mahali salama. Kila kilichohamishiwa kwenye chupa ya soda kitafutiwe chombo chake. Jiki na dawa ya choo zitenganishwe, na zote ziwekwe juu ambapo mtoto hafiki. Kijana wako wa chuo akirudi likizo, mkabidhi chupa moja moja akusomee, nawe umuulize maswali yale matatu. Akishindwa kujibu, ajue kuwa hapo ndipo somo lake linapoanzia.